Baba anajua nakwenda kusomea mafuta, mimi nakwenda kusomea mawe ya Mirihi

BARUA

Shikamoo Somo,

Mimi ni msichana wa miaka 24, kwetu Wete, Pemba. Baba ni mkulima wa karafuu, mama anauza maandazi na maharage ya nazi kila asubuhi mbele ya nyumba. Tuko sita, mimi wa tatu, na ndiye wa kwanza kwetu kufika chuo kikuu. Mwaka jana nilimaliza shahada ya jiolojia huko bara, kwa mkopo wa serikali na kwa karafuu za baba.

Nilipokuwa mwaka wa tatu, mwalimu wetu mmoja alituwekea ukutani picha iliyopigwa na kigari cha Opportunity kwenye sayari ya Mirihi. Mchanga wenyewe wa kawaida, lakini juu yake pametapakaa vidonge vya mviringo, kama mtu kapita pale na kipakacha cha pilipili manga kilichotoboka. Akauliza ni nini. Hakuna aliyejibu. Akasema ni hematiti, madini ya chuma, na kwamba vidonge vya aina ile vilijijenga ndani ya mwamba uliopitiwa na maji. Kumbe pale, pakavu vile, zamani palikuwa na maji, na shahidi mwenyewe ni kidonge kisichofika ukubwa wa punje ya mbaazi. Somo, siku ile sikwenda hata kula. Nilikaa nje ya darasa naangalia kokoto.

Tangu hapo moyo wangu uko huko. Utafiti wangu wa mwisho chuoni niliufanya juu ya kinamo, ule udongo unaoteleza kwenye mabonde yetu ya mpunga, kwa sababu nilisoma kuwa madini ya jamii ya kinamo yameonekana Mirihi pia.

Sasa zimenifikia barua mbili ndani ya mwezi mmoja. Ya kwanza ni ya chuo kimoja cha Ulaya, nimekubaliwa shahada ya uzamili katika madini ya sayari. Ada wanalipa wao. Nauli, viza, chumba na chakula ni juu yangu. Ya pili ni ya mgodi wa dhahabu Kanda ya Ziwa, mkataba wa mwaka mmoja kwenye maabara ya kupima sampuli. Mshahara wake kwa mtu kama mimi ni mkubwa.

Tatizo langu ni baba. Barua ya chuo ilipofika nilimwambia, "Baba, nimepata nafasi ya kusomea madini Ulaya." Akaniuliza, "Madini na mafuta si jamaa moja?" Nikasema ndiyo, yanahusiana. Basi. Siku ya pili baraza zima la kwetu lilishajua kuwa binti wa mzee fulani anakwenda kusomea mafuta, na mafuta ya Zanzibar yakitoka ndiye atakayekuwa mkubwa wa wataalamu. Watu wakaja kumpa mkono. Sikukanusha.

Ami yangu, mdogo wake baba, anajua Kiingereza vizuri. Usiku mmoja tumekaa sote tunachambua karafuu, akaiomba ile barua, akaisoma, akacheka mpaka akapaliwa. "Kaka, mwanao anakwenda kuchimba Mirihi!" Baba alidhani mzaha, akacheka naye, mikono yake haikuacha kuchambua. Toka siku hiyo binamu zangu wananiita Bi Mirihi. Hata arusini juzi nimeitwa hivyo, na shangazi mmoja akaongeza kuwa labda na mume nimeandikiwa huko huko.

Mama ndiye aliyeelewa. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu: "Kwani mawe ya duniani yamekwisha?" Sikuwa na jibu.

Na sasa baba anazungumza na mtu anayetaka kukodi mikarafuu yetu 30 kwa misimu mitatu, ili zipatikane pesa za safari yangu. Wanapeana jibu baada ya wiki mbili.

Somo, hii kazi ipo kweli, mtu akaila, au ni ya watoto wa nchi zenye roketi? Niende au nichukue mgodi? Na baba nimwambie vipi?

Bi Mirihi, Wete

JIBU LA SOMO

Marahaba mwanangu. Umeuliza maswali matatu, na kubwa umeliweka mwisho kabisa. Nitaanza na hilo, kwa kuwa lina wiki mbili tu.

Unasema hukukanusha. Baba yako anataka kutoa mikarafuu 30 kwa misimu mitatu kwa ajili ya neno "mafuta". Neno hilo hukulisema wewe, sawa, lakini uliliona linaingia kichwani mwake ukaliacha lilale humo. Nawe mtoto wa Pemba unajua vizuri kuliko mimi wa Unguja: karafuu haizai sawasawa kila mwaka. Ukikodisha miaka mitatu na ndani yake ukaangukia ule mwaka wa neema, mzee atakaa barazani anatazama majamvi ya mtu mwengine yameanikwa karafuu zilizotoka kwenye miti yake. Hapo ndipo atakapouliza, "Hivi yale mafuta yamefikia wapi?" Utamjibu nini, uko Ulaya, kwa simu?

Kwa hiyo hilo kwanza, na wiki hii. Namna ya kumwambia nitakuja nayo huko chini. Kabla yake nataka nikupe jibu la mama yako, maana yeye ndiye aliyeuliza swali la kitaalamu kuliko wote mliokuwa kwenye zile karafuu.

Mawe ya duniani hayajakwisha, na fani yako hiyo nusu yake ni mawe ya duniani. Mimi kabla ya kupewa safu hii nilisomesha kemia skuli kwa miaka 31, na mpaka leo nafuatilia. Hebu nenda jikoni kwa mama utafute kipande cha magadi, yale wanayotilia maharage magumu yalainike haraka. Magadi yale yanatoka kwenye maziwa ya chumvi kama Natron na Magadi, maji yakikauka yanabaki meupe. Wataalamu wanayaita trona. Sasa sikiliza. Tarehe 24 Septemba 2023 chombo cha OSIRIS-REx kilishusha jangwani Utah, Marekani, gramu 121.6 za vumbi na vijiwe kutoka asteroidi ya Bennu, yaani jiwe kubwa linalozunguka Jua. Januari 2025 watafiti wakatoa matokeo: ndani ya vumbi lile mna chumvi za aina nyingi zilizoachwa na maji yaliyokauka, na mojawapo ni trona. Trona ilikuwa haijaonekana bado katika sampuli yoyote iliyotoka nje ya dunia.

Waliitambuaje? Kwa sababu kuna watu wameshakaa na trona ya duniani, wakajua inazaliwa vipi, maji ya namna gani, chumvi ipi inatangulia kuganda na ipi inafuata. Asiyeyajua magadi ya Natron hawezi kuyasoma ya Bennu. Mpelekee mama jibu hilo, umkalie karibu, na kipande kiwe mkononi.

Na si magadi tu. Mlima Oldoinyo Lengai, karibu na ziwa hilo hilo la Natron, ndiyo volkano pekee hai duniani inayotoa lava ya kaboneti yenye sodiamu nyingi, na humo mna madini yaliyopewa jina la Mwalimu Nyerere: nyerereiti. Kisha uende Songwe. Kule kuna kimondo cha Mbozi, tani kama 16 za chuma na nikeli, ambacho kila mtoto wa skuli amekiona kwenye kitabu. Lakini mkoa huo huo una jiwe jengine dogo ambalo sisi wenyewe hatulitaji kabisa. Tarehe 16 Desemba 1938 kilianguka kimondo Ivuna, upande wa Ziwa Rukwa. Vipande vyote vilivyookotwa havifiki kilo moja, ni gramu 700 na ushei. Jiwe jeusi, laini, linavunjika kirahisi. Mwanangu, jiwe hilo ndilo lililolipa jina kundi zima la vimondo, kundi la CI, na hiyo I ni Ivuna. Ukiondoa gesi, mchanganyiko wa elementi za kundi hilo unafanana sana na wa Jua lenyewe, ndiyo maana wanaosoma sayari hulitumia kama kipimo: wakitaka kujua jiwe fulani limepungukiwa au limezidiwa na nini, wanalilinganisha na mawe ya jamii ya Ivuna. Wajapani walipoleta gramu 5.4 kutoka asteroidi ya Ryugu Desemba 2020, wakapima, wakakuta ni za ukoo huo. Kipande cha Ivuna kipo London kwenye Makumbusho ya Historia ya Asili. Wako watu ulimwenguni wanalitamka jina la kijiji hicho kila wiki kazini, na sisi wenye nchi tunadhani sayansi hii ni ya wageni.

Nimekaa sana hapo. Nisamehe, mwalimu akistaafu hana wa kumsimulia.

Sasa kazi yenyewe ipoje. Wengi wanadhani ni kutazama nyota. Kutwa nzima ni kusaga jiwe, kuchekecha, kulipima, kulinganisha, kukataa matokeo yako mwenyewe, kurudia. Na kompyuta, kwa wingi. Njia kuu ziko mbili. Moja ni kusoma mwanga. Kila madini hula sehemu fulani za mwanga na kurudisha nyengine, kwa hiyo satelaiti inayozunguka Mirihi inaweza kusema hapa pana kinamo, pale pana chumvi za salfa, bila kugusa. Baba yako hii anaijua. Si anaitupia jicho karafuu tu, rangi yake na kichwa chake, akakwambia hii daraja la kwanza, hii ilinyeshewa jamvini? Anasoma mwanga huyo. Halafu ikimtia shaka anaivunja kwa vidole asikilize. Hiyo ndiyo njia ya pili, kuingia ndani ya kitu chenyewe.

Na hapo nikueleze habari ya mashine moja, maana inakuhusu kuliko vile vidonge vyako vya pilipili manga. Kigari cha Curiosity, kilichotua Mirihi Agosti 2012, kimebeba tumboni kifaa kiitwacho CheMin. Kinachukua unga wa jiwe lililotobolewa, kinautikisa, kinaupitishia eksirei. Fuwele za kila madini zimepanga atomi zake kwa namna yake, basi mionzi ikitoka upande wa pili inachora duara zake, na duara hizo ndizo jina la madini. Mashine ya namna hiyo kwenye maabara za kawaida ilikuwa kubwa kama friji. David Blake wa NASA, shirika la anga la Marekani, na wenzake walihangaika takriban miongo miwili mpaka ikawa kama sanduku la viatu. Mwezi Oktoba 2012 ikatoa jibu lake la mwanzo: mchanga wa pale unafanana na udongo wa volkano za Hawaii. Mwaka uliofuata ikakuta kinamo ndani ya mwamba wa tope la kale, kinamo chako hicho hicho ulichokifanyia utafiti. Ndugu yake mdogo, mashine ile ile iliyotengenezwa ibebeke mkononi, leo inatumika migodini na kwenye visima vya mafuta, na hata kukamata dawa bandia.

Umesoma hapo? Visima vya mafuta. Najua akili yako imekimbilia wapi: "Alaa, basi nimwambie baba kuwa yanahusiana kweli!" Usithubutu. Siku ile ya kusema kweli hilo halitajwi, maana likitajwa atashika hilo aachie yote mengine, na utakuwa umerudi pale pale. Liweke. Litakuja kutumika baada ya miezi.

Kama kazi hii inalika: inalika, lakini sufuria ni dogo na wenye njaa wengi. Nikufiche, nitakuwa nimefanya yale yale uliyomfanyia mzee. Nafasi za kudumu ni chache mno. Baada ya uzamili kuna uzamivu, miaka mitatu mpaka sita, kisha mikataba ya miaka miwili hapa, mitatu pale, nchi hii, nchi ile. Ajira za serikali ndani ya NASA kwa kawaida ni za raia wa Marekani. Vyombo navyo havina imani. Colin Pillinger, Muingereza, alihangaika miaka kupeleka Beagle 2 itafute dalili za uhai Mirihi. Ilikuwa itue Krismasi ya 2003. Ikanyamaza. Akafariki Mei 2014 bila kujua ilipo. Januari 2015 picha za satelaiti zikaionesha: imetua salama, imekaa chini, ila mabawa yake ya umeme wa jua hayakufunguka yote, na antena ikabaki imefunikwa. Hata sasa hivi kuna mirija ya mawe ambayo kigari cha Perseverance kimekusanya tangu 2021, imekaa huko huko Mirihi, kwa sababu mpango wa kuileta ulifika makisio ya dola bilioni 11 na mwaka 2040, NASA wenyewe wakasema haiwezekani hivyo. Mtu aliyejenga maisha yake juu ya mirija ile anangoja.

Ukiweza kuishi na kungoja kwa namna hiyo, endelea kusoma. Ukiona tumbo linakukata, chukua mgodi, ufunge ukurasa, wala hakuna aibu.

Wale wanaosema ni kazi ya watoto wa nchi zenye roketi wana nusu ya haki. Misri haikuwa na roketi ya kwenda Mwezini, lakini mwanajiolojia wake Farouk El-Baz ndiye aliyekuwa miongoni mwa waliochagua pa kutua vyombo vya Apollo huko, na akawafundisha wanaanga namna ya kuutazama Mwezi kijiolojia. Ila mfano ninaoupenda zaidi ni wa Morocco. Profesa Hasnaa Chennaoui Aoudjehane, wa Chuo Kikuu cha Hassan II, Casablanca, ameifanya kazi ya vimondo akiwa kwao. Julai 18, 2011 jiwe lilianguka upande wa Tissint, kusini mwa Morocco, nalo likathibitishwa kuwa limetoka Mirihi. Mwaka 2012 yeye ndiye aliyeongoza utafiti wake ukachapishwa kwenye jarida la Science. Hakungoja chombo cha mtu. Mirihi ilimjia kwao, na ilimkuta ana maabara, ana elimu na ana watu wa kuwapigia simu. Ivuna na Mbozi zilitukuta sisi hatuna hata kimoja. Mtu wa kwetu mwenye elimu hiyo akitokea, kazi ya kufanya haitamkosa, ingawa ya kumlipa itabidi aitafute.

Basi uamuzi wangu, na ni wangu, wewe una haki ya kuukataa. Chukua mkataba wa mgodi. Waandikie chuo leo usiku, kabla hujalala, uwaombe nafasi yako isogezwe mwaka mmoja, ueleze wazi kuwa ni kwa sababu ya gharama za maisha. Vyuo vingi husikiliza ukiwahi. Wakikataa utaomba upya, na utaomba ukiwa na mwaka wa maabara mkononi, jambo ambalo wenzako wengi hawatakuwa nalo. Ufadhili nusu ni mtego. Utafika kwenye baridi, nusu ya akili iko kwenye jiwe, nusu iko kwenye kodi ya chumba, na kila ukila chakula utaona mkarafuu umesimama juu ya sahani.

Lakini mgodini usiende kungoja mwaka uishe. Nenda na jicho la Mirihi. Ile sampuli tupu wanayoiingiza kati ya sampuli nyengine kuona kama mashine imechafuka, ile sampuli inayopimwa mara mbili, vile viwango vinavyojulikana jibu lake: hiyo ndiyo imani ya fani yako yote. Aliyeko Mirihi hawezi kwenda kuchukua jiwe jengine akikosea. Kama pana mashine ya eksirei, jipendekeze kwa anayeiendesha, mpelekee chai. Usiku, ukiwa na bando, fungua vipimo vya satelaiti za Mirihi. NASA wanaviweka wazi, havilipiwi, na maktaba za alama za madini zipo za bure pia. Chagua eneo moja dogo ulisome mpaka ulijue kama njia ya kisimani kwenu. Ukipata kitu, hata kidogo, mwandikie mtafiti mmoja, si kumi, umuulize swali moja ambalo umeshajaribu kulijibu. Na weka akiba, uandike kwenye daftari, kwa jina la safari.

Habari ya Bi Mirihi na mume aliyeandikiwa huko, naipita. Shangazi huyo kila arusi ana lake.

Tunarudi kwa baba. Usimwambie usiku wa kuchambua, na usimwambie mbele ya ami. Nenda naye shamba asubuhi, mkifika chini ya mikarafuu yenyewe. Usianze na Mirihi. Mirihi ukiianza utajieleza, na ukijieleza utapamba. Anza na mikarafuu. Sema: "Baba, usiikodishe. Nilikuacha udhani nakwenda kusomea mafuta. Si mafuta, ni madini ya sayari nyengine. Niliona ulivyoelewa, nikanyamaza, na watu wamekupa mkono kwa kitu ambacho si kweli. Nimepata kazi ya mwaka mmoja bara, nitakwenda huko kwanza, safari ya Ulaya nitaitafutia pesa mwenyewe." Kisha nyamaza kwa kweli.

Atakasirika, na hasira zake nyingi zitakuwa za baraza: atawatazamaje wale watu. Usimjibu kuwa baraza halina maana. Kwake lina maana, ndipo anapokaa kila siku. Mwambie: "Ukitaka, nitakuja mwenyewe niwaambie." Huenda akakataa, lakini atakuwa amesikia kuwa uko tayari kuibeba aibu uliyomtwika. Ami wako naye mshukuru kimoyomoyo. Alisema kweli mbele ya wote, ila alicheka.

Baadaye, hasira zikishapoa, mvunjie karafuu mbili mbele yake, nzuri na iliyonyeshewa, umuulize anazijuaje. Mwache aeleze mpaka amalize, usimkatishe. Halafu ndiyo umueleze satelaiti inavyofanya.

Na kama barua hii imechelewa na mikarafuu imeshakodishwa, niandikie siku hiyo hiyo, usingoje toleo lijalo. Hapo itabidi tuzungumze habari ya kurejesha pesa za watu, na kwa hilo mshahara wa mgodi una kazi nyengine kabla ya Ulaya.